Wiki Tano za Mionzi, na Maswali Mengine Juu ya Saratani ya Mlango wa Kizazi

Toleo lililopita liligusia saratani ya mlango wa kizazi kwa aya chache tu, na barua zilizofuata karibu zote zimetoka upande mmoja wa nchi: Rungwe, Mbarali, Mufindi, Makambako, Njombe, Songwe na Iringa mjini. Sishangai. Hii ndiyo saratani inayowapata wanawake wengi kuliko nyingine yoyote nchini Tanzania; kwa makadirio ya kimataifa huwapata zaidi ya wanawake 10,000 kila mwaka, na zaidi ya 6,000 hufariki dunia. Mikoa ya Nyanda za Juu Kusini ina sababu yake ya ziada ya kuihofia, nami nimeieleza katika jibu la barua ya Njombe. Barua nimezifupisha na majina nimeyaondoa. Ile ya Makambako nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine kwa makusudi, kwa kuwa inahusu jambo ambalo sisi watabibu hulisema kwa haraka au hatulisemi kabisa, nalo ni yale yatakayompata mgonjwa akiwa katikati ya tiba.

Daktari, shikamoo. Nina miaka 34 na watoto watatu, naishi Tukuyu. Nilimpeleka mtoto kliniki, muuguzi akanishauri nipimwe mlango wa kizazi kwa siki. Alipomaliza akasema ameona doa jeupe, akataka anichome siku hiyohiyo. Niliogopa, nikaondoka. Je, nina kansa? Na nikichomwa, nitazaa tena?

Marahaba, mama. Doa jeupe si saratani. Muuguzi akishaingiza spekulamu, kifaa cha kuufungua uke, na kumulika kwa taa, huuona mlango wa kizazi ukiwa na rangi ya waridi. Hapo huupaka siki maalumu yenye asidi ya asetiki asilimia 3 hadi 5, husubiri dakika moja au mbili, kisha hutazama tena. Chembe zilizoanza kubadilika tabia hugeuka nyeupe kwa muda zinapoguswa na siki, na baada ya dakika chache weupe huo hufifia. Hata maambukizi ya kawaida yanaweza kuleta weupe wa namna hiyo. Kwa hiyo, kati ya wanawake wanaoambiwa wana doa, baadhi hawana tatizo kubwa, wengine wana mabadiliko ambayo yakiachwa kwa miaka mingi yanaweza kugeuka saratani, na wachache sana ndio wenye saratani yenyewe. Muuguzi anapoona dalili za saratani yenyewe hachomi, hukuandikia rufaa. Kwa kuwa alitaka kukuchoma palepale, alikuweka katika kundi la wale ambao ugonjwa wao bado haujawa saratani.

Kuchoma hufanywa kwa kifaa chenye ncha iliyopashwa joto la nyuzi 100 hivi, ambayo huwekwa juu ya doa kwa sekunde kadhaa, kwa kawaida bila sindano ya ganzi, kwa sababu mlango wa kizazi hauhisi joto jinsi ngozi inavyohisi. Wanawake wengi husikia tumbo la chini likikaza kama siku za hedhi, kisha linaachia. Vituo vingine hugandisha doa kwa gesi baridi badala ya kulichoma, na matokeo yake hayatofautiani sana. Baadaye utatokwa na majimaji kwa wiki kadhaa, nayo hayapaswi kukutisha isipokuwa yakiwa na harufu kali, homa, au damu nyingi. Utaombwa usikutane na mumeo kwa mwezi mmoja, kwa kuwa kidonda kibichi ni njia rahisi ya VVU na maambukizi mengine. Ikishindikana, kondomu ni ya lazima.

Juu ya kuzaa, usiwe na wasiwasi. Ncha ile haifiki kwenye nyumba ya uzazi wala kwenye mirija, na wanawake waliochomwa hushika mimba kama wengine. Doa likiwa kubwa au likiingia ndani ya njia ya mlango, hospitali hulikata kwa waya wa umeme, na hapo ndipo uwezekano wa kujifungua kabla ya wakati huongezeka kidogo, hasa kipande kilichokatwa kikiwa kikubwa. Ukifanyiwa hivyo, mwambie mkunga mara utakapopata ujauzito.

Muuguzi wako alikuwa sahihi kutaka kumaliza kazi siku ileile, kwa sababu wengi wanaoambiwa warudi kesho hawarudi. Lakini maelezo yote haya alipaswa kukupa mkiwa mmekaa, kabla hujapanda kitandani. Mwanamke aliyelala akiwa amefunguliwa miguu hana utulivu wa kusikiliza lolote. Rudi ndani ya wiki hizi, usingoje mwakani.

Daktari, mimi ni mume wa mtu, tunaishi Mafinga, na ndoa yetu ina miaka 18. Mke wangu amepimwa, ameambiwa ana kirusi cha HPV na kwamba kinaambukizwa kwa kujamiiana. Mimi sijawahi kuumwa chochote. Amekitoa wapi?

Baba, kipimo hicho hakina uwezo wa kujibu swali lako, na yeyote atakayekuambia kinaweza anakupotosha. Kirusi hiki cha papiloma huwapata watu wengi, wanaume kwa wanawake, wakati fulani katika maisha yao ya ndoa au kabla yake. Mwanamume hukibeba bila kipele wala maumivu, na hospitali zetu hazina kipimo cha kawaida cha kukitafuta kwa mwanamume, kwa hiyo kutokuumwa kwako hakuthibitishi kwamba hukuwahi kuwa nacho. Kwa mwanamke, kinga ya mwili hukiondoa ndani ya miaka miwili kwa takriban watu tisa katika kila kumi. Kwa wanaobaki, kinaweza kukaa kimya muda mrefu sana. Tangu maambukizi hadi saratani, kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, hupita miaka 15 hadi 20. Ukifanya hesabu, utaona kwamba kirusi kinachoonekana leo kinaweza kuwa kilitangulia harusi yenu, na kwamba anaweza kuwa alikipata kwako.

Aliyebaini uhusiano wa kirusi hiki na saratani ya mlango wa kizazi ni Mjerumani Harald zur Hausen, ambaye alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Aina zake ni nyingi, lakini mbili, namba 16 na 18, ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani hizi. Hivyo swali lenye manufaa kwa nyumba yenu ni kama mkeo, baada ya kuambiwa ana kirusi, alitazamwa mlango wa kizazi na kutibiwa mabadiliko yoyote yaliyokuwepo. Kama bado, mpe nauli, na ikiwezekana umsindikize. Nimeona wanawake walioacha kurudi kliniki kwa sababu karatasi ya majibu ilizua ugomvi nyumbani, wakaja kurudi wakiwa wanavuja damu.

Shikamoo Daktari. Mama yangu ana miaka 58, tupo Rujewa. Hedhi yake ilikoma zamani, lakini tangu mwezi wa tatu anatokwa na damu kidogokidogo na maji yenye harufu. Ndugu wanasema hedhi imerudi, ni dalili ya damu nzuri. Mwaka juzi alipimwa kwa siki akaambiwa yuko salama. Sasa amepewa rufaa kwenda Mbeya na orodha ndefu ya vipimo. Vyote ni vya nini, na kwa nini wasitoe kizazi tu yakaisha?

Marahaba. Hedhi ikishakoma mwaka mzima hairudi. Damu inayotoka baada ya hapo, hata ikiwa tone moja kwenye nguo, ni ya kuchunguzwa, na ikifuatana na maji yenye harufu ni ya kuchunguzwa haraka. Juu ya kipimo cha siki, ni vyema wasomaji wote wakajua upungufu wake: sehemu ambako mabadiliko huanzia, kwa mwanamke aliyevuka ukomo wa hedhi, huwa imerudi ndani ya njia ya mlango, mahali ambapo jicho la muuguzi halifiki. Mama anaweza kupimwa kwa uaminifu wote na ugonjwa usionekane. Kipimo cha kutafuta kirusi hakina kasoro hiyo, na pale kinapopatikana ndicho bora kwa umri wake. Hata hivyo, mwenye dalili kama zake hahitaji tena kipimo cha kuchuja wenye afya. Anahitaji kuchunguzwa ugonjwa.

Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya wataanza kwa kuutazama mlango wa kizazi na kukata kinyama kidogo, ambacho mtaalamu wa maabara hukitazama kwa hadubini. Bila majibu hayo hakuna daktari atakayeanza tiba ya saratani, kwa hiyo andika namba ya sampuli, uliza tarehe ya majibu, na uyafuate mwenyewe; usidhani kwamba utapigiwa simu. Daktari atampima pia kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Wagonjwa hukichukia kipimo hiki na wengine hukikataa, lakini ndicho kinachomwonyesha daktari kama nyama za pembeni mwa mlango wa kizazi zimekuwa ngumu.

Vipimo vinavyobaki ni vya kupanga hatua. Hatua ya kwanza ugonjwa umo ndani ya mlango wa kizazi tu. Ya pili umetoka na kuingia sehemu ya juu ya uke au nyama za pembeni. Ya tatu umefika ukutani mwa nyonga, au sehemu ya chini ya uke, au kwenye tezi za limfu, au umeziba mrija wa mkojo. Ya nne umeingia kibofu au utumbo mpana, au umesafiri hadi mapafu, ini na kwingineko. Ndiyo sababu mtu anayeumwa kizazi hupigwa picha ya figo. Uvimbe ukibana mrija wa mkojo, figo hujaa maji na kufa polepole, mara nyingi bila maumivu, na kuziba huko peke yake kunamweka mama katika hatua ya tatu hata akiwa anatembea na kulima. Kipimo cha kreatinini katika damu kinaonyesha kama figo bado zinafanya kazi, jambo ambalo litaamua dawa atakazoweza kupewa. Wingi wa damu, VVU na picha ya kifua navyo ni vya lazima. Picha za ndani ya mwili za CT au MRI huongezwa pale zinapopatikana.

Sasa nije kwenye kutoa kizazi. Katika hatua ya kwanza, uvimbe ukiwa mdogo, upasuaji huponya, nao si upasuaji wa kawaida wa kutoa kizazi, bali ni mkubwa zaidi, ambao huondoa pia nyama za pembeni na tezi, na hufanywa na daktari aliyefunzwa kazi hiyo. Ugonjwa ukishatoka nje ya mlango, kisu hakiwezi kuufuata wote. Kinachobaki hukua upya, na mgonjwa atahitaji mionzi juu ya kidonda cha upasuaji, akipata madhara ya tiba zote mbili. Hapo tiba sahihi ni mionzi pamoja na dawa, inayotolewa katika vituo vichache kama Taasisi ya Saratani Ocean Road ya Dar es Salaam na Bugando ya Mwanza. Ukiambiwa mahali popote kwamba mama atolewe kizazi kabla majibu ya kinyama hayajarudi, omba kwa adabu wasubiri.

Daktari, naandika kutoka Makambako. Mama yangu, miaka 52, hatua ya pili, alikuwa kwenye mionzi mbali na nyumbani. Aliambiwa ni wiki tano. Wiki ya tatu alianza kuharisha, mkojo ukawa unachoma, nguvu zikamwishia, ngozi ya kiunoni ikawa nyeusi. Mgonjwa mwenzake akamwambia mionzi inaunguza matumbo. Akapanda basi akarudi, leo ni siku ya nane. Anasema bora afie kwake. Baba mdogo naye anasema ameshabeba mionzi mwilini, wajukuu wasimkaribie. Tufanye nini?

Binti yangu, mrudishe wiki hii. Kabla hujamaliza kusoma jibu hili, tafuta kadi yake ya hospitali, piga simu, waeleze kwamba yuko hai, yuko tayari, na amekosa siku nane. Wasiojieleza huogopa kukaripiwa na hivyo hawarudi, ilhali wahudumu wamewaona wengi waliotoroka na wanajua la kufanya.

Mengine sasa tuyachukue polepole. Kwa kawaida mionzi ya nje hutolewa mara 25, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tano. Mama hulala juu ya meza ngumu akiwa peke yake chumbani, mashine humzunguka kwa dakika chache, hasikii joto wala maumivu, kisha huvaa na kutoka. Pamoja na hiyo, mara moja kwa wiki hupewa dripu ya dawa iitwayo sisplatini, ambayo huzifanya chembe za saratani zizidi kudhurika na mionzi. Baada ya hapo, au karibu na mwisho wake, huja mionzi ya ndani: vifaa vyembamba huingizwa kupitia uke hadi kwenye mlango wa kizazi, chanzo cha mionzi kikapitishwa humo kwa muda mfupi na kuondolewa, nalo hurudiwa mara kadhaa kwa siku tofauti. Mashine ya nje pekee haiwezi kuupa uvimbe kipimo kinachotosha kuuua bila kuangamiza utumbo na kibofu vilivyo jirani, lakini chanzo kikiwekwa mahali penyewe huweza. Wanawake wengi huacha tiba hapa, kwa kuwa baada ya wiki tano damu imekwishakatika, harufu imekwisha, na mtu anajiona amepona. Hajapona.

Ratiba nzima inapaswa kukamilika ndani ya wiki nane. Tafiti zimeonyesha kwamba kila siku inayozidi hapo hupunguza uwezekano wa kuudhibiti ugonjwa kwa hadi asilimia moja hivi, kwa sababu chembe zilizonusurika huendelea kuzaliana wakati mgonjwa anapumzika. Siku nane si kidogo, lakini hazijaiharibu tiba yote. Wataalamu wanaweza kuzifidia kwa njia zao, ikiwa ni pamoja na kuongeza vipindi, mradi arudi upesi.

Huko kuharisha ni kweli kumeletwa na mionzi, na kulitarajiwa. Utando wa ndani wa utumbo hujitengeneza upya kila baada ya siku chache, na chembe zinazozaliana haraka ndizo mionzi inazozipiga zaidi, ziwe za saratani au za mwili. Kwa kawaida madhara huanza wiki ya pili au ya tatu, huzidi kuelekea mwisho, kisha hupungua ndani ya wiki chache baada ya tiba kuisha. Mama yako aliondoka wakati yanapanda, akaamini kwamba yangepanda hivyo hadi yamuue. Simlaumu hata kidogo. Sisi tuliompokea, kuanzia zahanati ya kwanza, tulimwambia wiki tano bila kumwambia wiki ya tatu ikoje, na mtu asiyejua yanayomngoja hana budi kumwamini wa kitanda cha pili.

Akifika, aseme yote. Kuharisha kuna vidonge vyake, na maji ya chumvi na sukari ya pakiti humrudishia alichopoteza. Kwa wiki hizi ale wali, uji wa mchele, ndizi za kupika, viazi vilivyomenywa, mayai na samaki. Aache maharage, makande, kabichi, pilipili na maziwa mabichi, ingawa najua kumnyima mtu wa Njombe maharage na kabichi ni kumwachia sahani nusu tupu. Mkojo unaochoma upimwe, kwa maana wakati mwingine ni maambukizi yanayotibika kwa dawa na wala si mionzi. Ngozi iliyogeuka nyeusi ioshwe kwa maji ya uvuguvugu bila kusuguliwa, isipakwe mafuta kabla ya kipindi, naye avae khanga au nguo laini ya pamba. Mistari ya wino aliyochorwa kiunoni isifutwe, kwa kuwa ndiyo inayoiongoza mashine mahali pa kulenga; kama imefutika kwa siku hizi nane, asijaribu kuichora mwenyewe.

Kuishiwa nguvu mara nyingi ni damu kupungua, na damu ikiwa ndogo mionzi yenyewe haifanyi kazi vizuri, hivyo huenda akaongezewa. Ndugu wawili watatu wawe tayari kuchangia. Sisplatini nayo hutapisha, na ina tabia ya kuumiza figo, ndiyo maana huambatana na chupa kadhaa za maji, asizilalamikie. Akisikia mlio masikioni au ganzi vidoleni, amwambie daktari kabla ya dripu inayofuata. Kama kuna mitishamba anayokunywa, aitaje pia, hata kama aliyempa alimwambia asiseme, kwa sababu baadhi huchosha figo zilezile. Mambo yanayotaka hospitali usiku huohuo ni homa, damu nyingi, kinyesi chenye damu, kutapika hadi maji hayakai, na mkojo kukatika.

Mwambie baba mdogo kwamba mionzi ya nje haibaki mwilini, na hata ile ya ndani huondoka na chanzo chake kinapotolewa. Wajukuu wamkumbatie bibi yao.

Limebaki suala la fedha, ambalo nashuku ndilo lililompandisha basi zaidi ya kuharisha. Kila hospitali kubwa ya serikali ina ofisi ya ustawi wa jamii inayosikiliza maombi ya msamaha wa malipo, na huwa wanajua mgonjwa wa mbali anaweza kulala wapi kati ya vipindi. Nendeni na barua ya mtendaji wa kijiji au wa mtaa. Na mtu mmoja wa familia akae naye hadi mionzi ya ndani iishe. Katika kazi yangu, wanaofika mwisho karibu wote walikuwa na mtu.

Daktari, nipo Iringa mjini, nina miaka 41. Nilimaliza mionzi na dripu mwaka jana, wanasema ugonjwa hauonekani. Lakini hedhi imekoma, usiku nalowa jasho hata kwenye baridi hii ya Juni, na tendo la ndoa linauma hadi nalia. Naona haya kuuliza kliniki. Mume wangu anaogopa nitamwambukiza.

Dada, unayoyapata yanawapata wanawake wengi waliopigwa mionzi ya nyonga, na wengi hunyamaza kama wewe. Mionzi huzima ovari, hivyo umeingia ukomo wa hedhi kwa ghafla badala ya polepole, na hutashika mimba tena. Jasho la usiku linatokana na hilo. Saratani ya kawaida ya mlango wa kizazi haichochewi na homoni, kwa hiyo katika umri wako ni halali kumwomba daktari akupime kama unafaa kupewa dawa za homoni, ambazo pia hulinda mifupa isidhoofike mapema. Kama bado una kizazi, dawa hizo zitachanganywa aina mbili, usinunue mwenyewe dukani.

Uke baada ya mionzi hukauka, hupungua upana na urefu, na kuta zake zinaweza kushikana kwa makovu. Dawa yake ni kuutanua kabla haujajifunga: hospitali hutumia vifaa laini vya kutanulia vyenye ukubwa unaoongezeka, vinavyopakwa jeli na kuingizwa kwa dakika tano hadi kumi, mara mbili au tatu kwa wiki, kuanzia wiki chache baada ya tiba. Kuna sababu ya pili ya kufanya hivyo, kwamba uke ukijifunga daktari hataweza kuutazama mlango wa kizazi kujua kama ugonjwa umerudi. Wewe umechelewa lakini hujapitwa kabisa. Tumieni jeli ya maji, siyo mafuta ya mgando, nendeni taratibu, na mumeo aelewe kwamba siku nyingine haitawezekana. Saratani haiambukizwi, na mwilini mwako hamna mionzi ya kumdhuru.

Damu kidogo baada ya tendo inaweza kuwa ya ngozi dhaifu, lakini usiihukumu mwenyewe, ionyeshe. Vivyo hivyo mguu mmoja ukivimba, maumivu ya mgongo yanayoshuka pajani, au kinyesi chenye damu, ambacho kinaweza kutokea hata miaka miwili baada ya mionzi. Daktari yeyote mpya, hata wa meno, aambiwe kwamba uliwahi kutibiwa kwa mionzi na dripu. Kwa miaka miwili ya mwanzo hudhuria kliniki kila baada ya miezi mitatu hadi sita, kwa kuwa ugonjwa ukirudi mara nyingi hurudi katika kipindi hicho. Na ukishindwa kutamka, andika swali lako kwenye karatasi umpe muuguzi. Huko hamna anayeshangaa.

Naishi na VVU, natumia dawa vizuri hapa Njombe, na virusi havionekani kwenye kipimo. Je, bado nahitaji kupimwa mlango wa kizazi mara kwa mara?

Ndiyo, na mara nyingi kuliko jirani yako asiye na VVU. Mwanamke anayeishi na VVU ana uwezekano wa takriban mara sita zaidi wa kupata saratani hii, kwa sababu kinga iliyodhoofika hushindwa kukiondoa kirusi cha papiloma, na safari ya miaka 15 hadi 20 inaweza kufupika ikawa mitano hadi kumi. Kutumia dawa vizuri hupunguza hatari lakini hakuifuti. Hii ndiyo sababu ya ziada niliyoitaja mwanzoni: utafiti wa kitaifa wa viashiria vya VVU wa 2022 hadi 2023 uliikuta Njombe ikiwa na asilimia 12.7 ya watu wazima wanaoishi na VVU, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6, wakati wastani wa nchi ulikuwa 4.4. Shirika la Afya Duniani linashauri mwanamke anayeishi na VVU aanze kupimwa akiwa na miaka 25, badala ya 30. Uliza CTC, yaani kliniki yako ya huduma na tiba ya VVU, siku ya kuchukua dawa. Vituo vingi hupima siku hiyohiyo, na kwa siki watakutaka urudi kila mwaka. Ukiwahi kuchomwa doa, usikose kipimo cha kurudia, maana kwako hurejea kwa urahisi zaidi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Vwawa. Wazazi wananiuliza kama chanjo ya mabinti inaleta ugumba, na kwa nini sasa wanachomwa sindano moja wakati wakubwa zao walichomwa mbili.

Mwalimu, chanjo hii imetengenezwa kwa ganda la nje la kirusi bila vinasaba vyake, kwa hiyo haiwezi kuambukiza, na tafiti katika nchi zilizoitumia kwa miaka mingi hazikuona kwamba huleta ugumba. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili. Baadaye ushahidi ulionyesha kwamba dozi moja kwa msichana mdogo inakinga karibu sawa na mbili, na Aprili 2024 nchi ikahamia dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Hutolewa kabla ya umri wa kujamiiana kwa sababu haitibu maambukizi yaliyokwishaingia. Aliyepata mbili kwa utaratibu wa zamani haongezwi nyingine. Anayeishi na VVU huhitaji zaidi ya moja, na CTC yake ndiyo itakayompangia, bila shule kulazimika kujua ni nani.